Alama ya Mkubwa

Asubuhi ile Kitinda alikuwa anapiga pasi shati la baba yake juu ya meza ya kulia, na alikuwa analiharibu. Pasi ilikuwa moto kupita kiasi, mikunjo ya mgongoni ilikataa kunyooka, na kila akimaliza mkono mmoja, ule wa pili unajikunja kama unamfanyia makusudi. Marehemu mama yake alikuwa dobi. Shati kama hili alikuwa analimaliza huku anapiga soga, chai iko pembeni, tena bila hata kulitazama.

Akaigeuza kola aipige kwa ndani. Hapo akaiona alama: herufi kubwa, herufi ndogo, namba na msalaba mdogo, vyote kwa wino mweusi usiotoka hata uchemshwe. Kule kazini kila mteja alikuwa na alama yake, na mama kwa mazoea akawatia alama hata wa nyumbani, kana kwamba nguo za watu wanne zingeweza kupotezana kwenye kamba moja ya uani.

"Unaliunguza," baba akasema. Alikuwa amekaa mlangoni anafunga kamba za buti zake za kazi. Baba ni fundi wa kuchomelea, mtu wa mageti na madirisha ya vyuma, na maneno yake ni machache na yanatoka kama cheche.

"Haliungui baba, ni mvuke tu."

"Mvuke gani unanuka hivyo?"

Kitinda akainyanyua pasi haraka. Baba akalichukua shati, akalivaa na mikunjo yake yote, akafunga vifungo. Aliporudi mlangoni akasimama, macho yako nje.

"Yule," akasema. "Kuna mtu amemwambia?"

Kitinda alidhani hakusikia vizuri. Kwenye nyumba ile "yule" alikuwa mmoja tu. Kaka yake, ambaye wote walimwita Mkubwa, aliondoka kwenda kufanya kazi ya ujenzi nchi ya mbali wakati baba anataka amwachie karakana. Siku ile baba alimwambia, "Ukivuka hilo geti, mimi sikujui." Mkubwa akalivuka. Tangu hapo jina lake halikutajwa mezani tena. Hata msibani, watu walipouliza mtoto wa kwanza yuko wapi, baba alijibu "Yuko kazini," akageukia kwingine.

"Sijui, baba. Namba yake haipatikani. Shangazi alijaribu mpaka akachoka."

"Mama yako alikuwa anampata."

Kitinda akamgeukia. "Kumbe ulikuwa unajua?"

"Kwani mimi kipofu?" Akavuta mlango. Kisha akaurudisha kidogo, sauti imeshuka. "Mtafute. Mtoto hawezi kukaa huko hajui kama mama yake amekufa."

*

Kitinda hakuwa mtu wa kuongea. Darasani walimwita Bubu, na yeye hakubisha, maana hata kubisha kunataka mtu aongee. Njia nzima kwenda kwenye dobi alikofanyia kazi mama alikuwa anajisomea sentensi moja kichwani: "Shikamoo, samahani kwa usumbufu, nilikuwa naomba kuuliza kuhusu mama." Alipofika ndani kwenye joto na kelele za mashine, sentensi yote ikayeyuka, ikabaki "Shikamoo" peke yake.

"Marahaba, mwanangu! Sogea huku, hapo utaunguzwa." Huyo alikuwa Mvuke, aliyefanya kazi meza moja na mama miaka na miaka. Jina walimpa kwa sababu hatulii na hanyamazi. "Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo mkubwa. Mama yako naye alikuwa hivyohivyo, anakufa njaa anasema kashiba. Haya, sema. Mimi sing'ati."

"Mama alikuwa anampataje kaka?"

Mkono wa Mvuke ukasimama juu ya shuka. Akaangalia mlangoni, kama vile baba angeweza kutokea pale na buti zake.

"Baba ndiye aliyenituma," Kitinda akasema haraka.

"Baba yako? Yule chuma?" Mvuke akaguna. "Basi kweli msiba umemwingia. Mwanangu, mama yako alikuwa anaandikiana naye kwa imeili. Kila Jumamosi tukitoka kazini, anavuka barabara pale kwa Miwani, pale kwenye duka la kutoa kopi. Mkubwa ndiye aliyemfungulia akaunti kabla hajaondoka. Anakaa pale nusu saa, anatoka anacheka peke yake kama chizi. 'Mtoto amepata koti zito,' 'mtoto amejifunza kupika.' Basi sisi wiki nzima hapa ni habari za koti."

"Mbona hakuniambia mimi?"

"Akuambie ili baba yako akikuuliza udanganye? Alisema wewe huwezi kudanganya, macho yanakusaliti." Mvuke akarudisha pasi kwenye shuka, lakini hakuisukuma. "Halafu mwishoni, hata kabla hajaanza kuumwa, akawa anatoka pale uso umemshuka. Nikimuuliza anasema mashine imemkatalia. Mimi nikajua basi, mtoto kaacha kuandika, mwenzangu anaona haya kusema. Sikutaka kumtonesha kidonda, nikanyamaza."

Kitinda akakumbuka mama kitandani, siku za mwisho mwisho, anavyouliza kila mtu akiingia: "Hakuna aliyeniulizia?" Na yeye alikuwa anamjibu, "Wapo wengi, mama, majirani wote wanakuulizia." Mama alikuwa anageukia ukutani.

"Unaijua paswedi yake?" akauliza.

"Hiyo rahisi. Alama ya Mkubwa, aliniambia mwenyewe. Ule mtandao ulimtaka aweke herufi kubwa, na ndogo, na namba, na kidude. Akacheka sana. Akasema, 'Kumbe na hawa ni madobi!'"

"Alama yenyewe ikoje?"

"Hiyo sasa mwanangu mimi sijui. Nina alama za mji mzima humu kichwani, za kwenu ningezitolea wapi? Tafuta shati lake. Kolani ikiwa imefifia angalia pindoni. Dobi anaandika mara mbili, huku ikifutika kule inabaki." Akamshika Kitinda bega. "Alama haidanganyi. Hapa mtu akipewa yake ni yake mpaka anaingia kaburini. Kuna msichana mmoja aliwahi kubadilisha ya mteja, eti mwandiko ni mbaya. Gauni la bibi harusi likaenda kwa makanika, ovaroli ikaenda kanisani. Mama yako hakumsemesha yule msichana wiki nzima."

Kitinda akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Mvuke akamvuta kwenye aproni yake iliyolowa, akamwacha hapo mpaka mashine ikalia.

*

Mashati ya Mkubwa yalikuwa kabatini kwa mama, nyuma ya mablanketi, yamenyooshwa na kukunjwa kama yanasubiri mwenyewe aoge ayavae. Kitinda akachukua la juu. Kolani alama ilikuwa imefifia. Pindoni ilikuwa wazi kabisa: herufi kubwa, herufi ndogo, saba, na nyota.

Akajiandikia kiganjani kwa kalamu ya shule, akatoka mbio.

Miwani alikuwa kijana, miwani yake imefungwa mkono mmoja kwa utepe wa gundi. Alipojua huyu ni mtoto wa nani, akamtoa mteja kwenye kompyuta ya pembeni. "Kaka, hamia ile, hii ina mwenyewe." Akamvutia Kitinda kiti. "Pole sana, mdogo wangu. Mama yako alikuwa anakaa hapahapa. Ona, mashine bado inalikumbuka jina lake."

Kweli. Akagusa herufi moja tu, anwani ya mama ikajitokeza nzima. Kitinda akahisi kama mtu kamwitikia.

Akaandika alama. *Nenosiri si sahihi.*

Akaandika tena polepole, kidole kimoja kimoja. *Nenosiri si sahihi. Umebakiwa na jaribio moja kabla akaunti haijafungwa.*

Akamgeukia Miwani. "Hakuna njia nyingine?"

"Ipo ya 'Nimesahau nenosiri'. Lakini inatuma namba kwenye simu iliyotumika kufungulia akaunti, na hiyo ni laini ya zamani ya kaka yako. Tulishajaribu na mama. Ilikuwa kama kugonga nyumba iliyobomolewa."

Kitinda akatoa mikono kwenye vitufe, akaikalia. Akaitazama alama kiganjani. Fupi mno. Mtandao gani unakubali vidude vinne? Akaiangalia tena, na sauti ya Mvuke ikamrudia: dobi anaandika mara mbili.

Akaandika ya kolani. Akaunganisha na ileile ya pindoni. Akafumba macho, akabonyeza.

Alipofumbua, hakukuwa na maandishi mekundu. Kulikuwa na ukurasa mweupe, katikati umeandikwa: *Nenosiri lako limeisha muda. Kwa usalama wako, weka nenosiri jipya.*

"Tumeingia!" akapiga kelele, mpaka mtu wa kwenye mashine ya kopi akageuka.

Miwani hakushangilia. Alivua miwani, akaifuta na shati. "Hapo ndipo alipokuwa anaishia," akasema.

"Nani?"

"Mama yako. Kila baada ya miezi kadhaa hawa watu wanataka ubadilishe. Siku ilipofika, nikamwambia, mama, tia chochote, tutaingia. Akaniambia hapana, hii ni alama ya mtoto. Nikibadilisha, barua zake zitaenda kwa mtu mwingine."

"Ukamwambiaje?"

"Nilicheka, mdogo wangu. Nilidhani ananitania, si unajua alivyokuwa na utani." Akavaa miwani, ikakaa upande. "Kumbe hakuwa anatania. Akajaribu kuongeza vitu. Alama ya mtoto na ya kwake pamoja. Mtandao ukamwambia linafanana sana na la zamani. Akaigeuza, ukakataa. Akatia alama za nyumba nzima, ukasema umezidisha. Anakaa hapo, anaangalia huo ukurasa. Ananiambia, 'Labda wiki ijayo watakuwa wamepoa.' Akirudi Jumamosi, ukurasa ni uleule. Mimi huku wateja wananiita, huyu kopi, huyu picha ya pasipoti... Baadaye akaacha kuja."

Kitinda alikuwa anauangalia ule ukurasa. Mama alikuwa amefika mpaka hapa. Ufunguo alikuwa nao, tena wa kweli, na mlango ulishamtambua kuwa ni yeye, halafu ukamwambia kwa usalama wako, usiingie.

Akaanza kuandika jipya. Akatia jina lake. *Usitumie jina.* Akatia neno la kawaida na namba. *Dhaifu.* Akaongeza nyota. *Dhaifu.* Akatia herufi kubwa mwanzoni. *Wastani. Ongeza ishara.*

"Ishara si nimeshaweka?"

"Inataka nyingine. Hiyo nyota imeizoea."

*Usirudie herufi zinazofuatana.* *Usitumie mwaka.* Kitinda, ambaye hajawahi kumtukana hata paka, akakunja ngumi. "Kwani humu ndani kuna dhahabu? Kuna barua za mama na mwanawe! Nani anazitaka?"

"Hakuna," Miwani akasema taratibu. "Tangu nifungue duka hili sijawahi kumwona mwizi amekaa hapo akihangaika na paswedi. Wanaohangaika ni wenyewe tu."

Kitinda akavipiga vitufe kwa vidole vyote kumi, ovyo, kama mtu anayefukuza kuku. Mstari ukageuka kijani. *Imara sana.*

"Utaikumbuka hiyo?"

"Hapana."

"Basi ndiyo maana wameipenda." Akajaribu kucheka, ikashindikana. Akarudi kwenye mashine yake ya kopi, akampa mgongo, na Kitinda akajua anamwachia nafasi.

*

Barua zilikuwa zimejipanga, zote za mtu mmoja, na za juu zimekolezwa weusi maana hakuna aliyezifungua. Kitinda akaanza na za chini.

*Mama, huku baridi inauma lakini koti linatosha. Leo nimepika, wenzangu wamekula wakanyamaza, sijui ni kwa utamu au kwa adabu. Kitinda ameingia kidato gani?*

*Mama, Jumamosi mbili sijakuona. Umeumwa? Au mashine ya Miwani imekufa tena?*

*Mama, mbona kimya. Namba yangu imebadilika, nimekuwekea hapo chini, muombe mtu akupigie. Nipige kidogo tu nikusikie.*

Kitinda akaichukua simu yake, akaipiga namba ile papo hapo. Haikuita hata mara moja. Barua ile ilikuwa ya zamani.

*Mama, nimefikiria sana. Kama baba amejua na amekukataza, sikulaumu. Kama na wewe umenikasirikia, una haki, niliondoka vibaya. Ningeomba tu uniambie.*

Kisha moja ya mwisho, fupi, ya siku ambazo mama alikuwa bado mzima, anatembea kwenda kazini na kurudi, anapiga pasi za watu na kuitazama barabara.

*Mama yangu. Nimeelewa. Sitaki niwe sababu ya ugomvi ndani ya nyumba yako. Nitaacha kuandika, maana kila Jumamosi nikifungua nikakuta patupu nashindwa hata kula. Nyumbani kwa wote salamu. Nakupenda, na sijakasirika.*

Baada ya hiyo hakukuwa na kitu.

Kitinda akaweka kichwa mezani, juu ya vitufe, na kioo kikajaa herufi moja iliyojirudia mpaka mwisho wa ukurasa. Miwani akaja akauinua mkono wake kwa upole, akafuta herufi zote. Akamletea maji.

Alipoweza kuona tena, akaandika.

*Kaka. Ni mimi Kitinda. Mama amefariki. Tumeshamzika. Hakukukasirikia hata siku moja. Mtandao ulimkatalia kuingia kwa sababu hakutaka kubadilisha alama yako. Mashati yako yote ameyapiga pasi. Tafadhali nijibu.*

Akatuma. Akasubiri mpaka Miwani akawasha taa za ndani. Akarudi nyumbani.

*

Baba alikuwa uani anasugua madoa ya rangi mikononi kwa mafuta ya taa. Hakumuuliza kitu mpaka walipomaliza kula.

"Umempata?"

Kitinda akamweleza. Alidhani ataongea maneno mawili kama kawaida yake, lakini yalipoanza kutoka hayakukatika: alama, ukurasa mweupe, koti, Jumamosi patupu. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo yeye alidhani mama yako amemtupa," baba akasema.

"Ndiyo."

"Na mama yako akadhani mtoto hamuulizii tena."

"Ndiyo, baba."

"Na mtoto akadhani ni mimi niliyemkataza mama yake."

Baba akanyanyuka, akakusanya sahani zote mbili, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akasimama nazo katikati ya sebule kama amesahau jikoni ni wapi.

Jumamosi iliyofuata Kitinda alipokuwa anatoka, akamkuta getini na shati lake la mikunjo. "Twende," baba akasema.

Miwani akawavutia viti viwili. Kitinda akafungua, maana wiki iliyopita, kabla hajaondoka, Miwani alikuwa amemsaidia kuweka nenosiri la kukumbukika. Ujumbe wake ulikuwa palepale juu, peke yake. Hakuna jibu.

Baba hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti, mikono yake ya makovu ya moto imeshika egemeo. "Andika," akasema.

"Niandike nini?"

Baba akakohoa. Akaangalia mashine za kopi, akaangalia dari. "Mwambie, baba yako yuko hapa."

Kitinda akaandika. "Na nini tena?"

"Mwambie..." Akatikisa kichwa. "Hiyo inatosha. Tuma hiyo."

Kitinda akabonyeza. *Ujumbe umetumwa.*

"Inachukua muda gani kufika?"

"Imeshafika, baba."

"Imeshafika?" Baba akainama karibu na kioo, kama mtu anayechungulia kwenye kitundu cha mlango. "Huko kwao ni saa ngapi sasa?"

"Sijui. Labda amelala."

"Labda yuko kazini."

"Labda."

Baba akavuta kiti, akakaa. Nje watu walikuwa wanafunga maduka. Miwani akaanza kuzima kompyuta moja moja kutokea upande wa mlangoni, bila haraka, na ile ya kwao hakuigusa.